Kurambaza Kajaga: Mafunzo Sita Niliyopata

Kurambaza, kukokota chambo nyuma ya mashua, hakuanzi dukani. Ziwa Tanganyika ndilo linaloamua ufunge nini kwenye fimbo. Haya ndiyo niliyojifunza Kajaga, kwenye ufuo wa ziwa hilo nchini Burundi.

1. Mpime ndagala kwanza. Mukeke, samaki ninayemlenga, humfuata ndagala, kisamaki cha sentimita 7 hadi 10. Kwa hiyo napita sokoni, namlaza ndagala kiganjani, kisha nachagua chambo cha bati cha urefu huohuo. Chambo kikubwa kinachometameta humnasa mnunuzi kabla ya samaki.

2. Vuka tope. Mto Rusizi unaingia ziwani jirani na hapa, na mvua zikinyesha humwaga maji ya kahawia. Siteremshi mshipi mpaka maji yabadilike rangi; hapo nakokota sambamba na mstari wa tope.

3. Fimbo mbili zisigombane. Ya kushoto naiachia mita 50 za mshipi na chambo chepesi. Ya kulia mita 25 na chubwi zito. Alama za wino kwenye mshipi hunihesabia. Mashua ikikata kona, chambo cha ndani hupunguza mwendo na kuzama, cha nje huongeza kasi. Samaki akidaka hapo, nimeshajua mwendo anaoutaka.

4. Usikaze breki ya gurudumu la mshipi. Kwa mshipi unaohimili kilo 10, gurudumu langu huanza kuachia kwenye kilo 3. Napima kwa mizani ya kuning'iniza kabla ya kutoka. Mashua inakwenda kwake, samaki anakwenda kwake. Breki ikikazwa, fundo ndilo hukatika.

5. Wasalimu wavuvi wa taa. Usiku usio na mwezi taa zao huwakusanya ndagala, na mukeke huja nyuma yao. Alfajiri wakirudi mwaloni, nawapa pole ya kazi, kisha nauliza walikuwa upande gani. Nyavu zenye maboya nazipisha mbali, maana ndoana yangu ikizichana, kesho sitajibiwa.

6. Funga kila kitu nchi kavu. Karibu na mdomo wa Rusizi kuna viboko, na anayeinamia mshipi uliosokotana haangalii maji. Fundo likinishinda karibu na matete, nalikata na kuondoka. Mshipi hununuliwa.