Kukaa, Kukawia na Kujikokota: Vitenzi vya Kiingereza Katika Njia ya Misafara

Nikisahihisha insha za Kiingereza nakuta mara nyingi kitenzi kimoja, "stay", kimebebeshwa mizigo yote. Mtu akiketi kitini ni "stay", akiishi mjini ni "stay", akingoja basi ni "stay". Sababu yake si ngumu. Kiswahili kina neno "kaa", nalo latosha kwa kuketi, kuishi na kubaki. Kiingereza hugawa kazi hiyo: kwa kiti husema "sit", kwa makao "live", na "stay" ni kukaa kwa muda, kama mgeni. Ukimwambia mtu wa London "I stay in Tabora", huenda akakuuliza utaondoka lini.

Ili maneno haya yasitupotee, nitayapanga juu ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Tabora ilikuwa kituo kikuu cha njia hiyo, mahali mizigo ilipotuliwa na wapagazi wapya kuandikwa. Burton na Speke walitembea zaidi ya miezi minne kutoka pwani, wakafika hapa tarehe 7 Novemba 1857. Reli ilifika mwaka 1912. Basi, katika njia ndefu kama hiyo watu walikaa, walingoja, walikawia na kujikokota kwa kila namna.

Kwanza, kubaki na kungoja. Mwezi Februari 1872 Stanley na Livingstone walifika Kwihara, karibu na Tabora, wakitoka Ujiji. Tarehe 14 Machi Stanley akaondoka kwenda pwani, na Livingstone akabaki: "Livingstone remained." Kitenzi "remain" chataka wengine wawe wameondoka, kama "baki" letu. Tena, Livingstone alikuwa akingoja watu ambao Stanley angempelekea kutoka Unguja: "He waited for his men." Anayengoja ana kitu anachokitazamia mbele yake. Msisahau "for". Kuandika "waited his men" ni kosa. Kitenzi "await" hakihitaji "for", lakini hicho ni cha barua rasmi. Watu hao walifika mwezi Agosti, naye akaondoka tarehe 25.

Pili, kukawia. "Linger" ni kukawia kwa sababu moyo hautaki kuondoka, mfano wa mgeni aliyekwisha aga mara tatu naye bado yu mlangoni. Hata harufu ya pilau hukaa chumbani hivyo baada ya sahani kuoshwa. "Tarry" ni mzee wa ukoo huo. Mtamkuta katika Biblia za zamani. Mfahamuni, lakini msimtumie katika insha. "Dawdle" ni mtoto aliyetumwa chumvi, akasimama njiani kutazama mpira. "Loiter" ni kuzurura mahali bila shughuli, hata watu wakamtilia mtu shaka. Angalieni kwamba hivi viwili vya mwisho vina lawama ndani yake.

"Delay" kina hila yake. Twasema "The rain delayed the caravan", yaani mvua iliuchelewesha msafara. Lakini mwanafunzi aliyechelewa asiseme "I delayed to come". Aseme "I was late", au kama amezuiwa na jambo, "I was delayed". Neno letu "chelewa" nalo lina asili ya kupendeza: latokana na "kucha". Aliyechelewa ni mtu ambaye mapambazuko yamemkuta bado amelala.

Tatu, mwendo wa polepole. "Plod" ni kwenda taratibu bila kukoma. "Trudge" ni kujikokota kwa miguu mizito ya uchovu. "Crawl" ni kutambaa kama mtoto, au kama lori katika matope ya masika. "Lag behind" ni kuachwa nyuma na wenzako. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba begani mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na zaidi. Asubuhi twaweza kusema "he plodded". Jua lilipokuwa kali na maji yamekwisha, "he trudged".

Sasa nafika kwenye jambo ninalotaka mlishike kuliko yote. Kitenzi chaweza kuwa hukumu. Wasafiri wengi wa Ulaya waliandika kwamba wapagazi wao walikuwa wavivu na wakawiaji. Lakini safari zile zilisimama kwa sababu nyingi: posho imekwisha, mto umejaa, hongo haijaafikiwa na mtemi, au mvua zimekaribia na mtu ataka kurudi kulima shamba lake. Stanley mwenyewe alikaa Kwihara tangu mwishoni mwa Juni hadi tarehe 20 Septemba 1871, kwa kuwa vita vya Mirambo na Waarabu vilikuwa vimefunga njia ya Ujiji. Livingstone alikaa pale zaidi ya miezi mitano baada ya Stanley kuondoka. Mtu akiandika leo "Livingstone loitered at Kwihara", sote tutaona amemkosea heshima, maana sababu ya kukaa kwake yajulikana. Basi mpagazi aliyekaa siku tatu akingoja chakula, naye "waited". Haki yamtaka apewe kitenzi kile kile.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika, jiulizeni maswali matatu. Mtu huyu anangoja kitu? Amekaa kwa kupenda au amezuiwa? Je, ninao ushahidi wa kumlaumu? Maswali haya yawafaa pia watakaoandika taarifa za polisi, za hospitali na za ofisini. Kijana aliyesimama kituoni saa mbili za usiku aweza kuwa anangoja basi, na neno moja lililochaguliwa vibaya laweza kumtia mashakani.

Zoezi. Tafsirini kwa Kiingereza, na "stay" isitumiwe zaidi ya mara moja:

1. Tulikaa kwa shangazi siku mbili.
2. Wenzake waliondoka, yeye akabaki kambini.
3. Mto uliojaa uliwachelewesha wapagazi.
4. Wazee walijikokota mpaka kisimani.
5. Vijana wanne walikuwa wamesimama mbele ya duka.

Sentensi ya tano ina majibu zaidi ya moja. Andikeni mawili, kisha elezeni kila jibu lasema nini juu ya vijana hao.