Windows na Linux kwenye kompyuta moja: faili la stoku ukae nalo wapi?
Wadau, kompyuta yangu ya dukani ina Windows na Linux. Stoku na madeni ya wateja vyote viko kwenye faili moja la SQLite, nimeliweka kwenye sehemu ya diski ya peke yake, NTFS, kila upande unafungua hilohilo. Ila zima kwanza Fast Startup! Ikiwa imewashwa, ukibonyeza Shut down Windows haizimiki kabisa, inalala huku imeshikilia diski. Ukihamia Linux utasoma tu, huwezi kuingiza mauzo, na ukilazimisha unaweza kuharibu data. Una haraka? Bonyeza Restart, hiyo inazima kweli. Wenzangu wa MySQL, folda la data msilichangie. Toeni nakala ya .sql upande mmoja, muiingize upande wa pili. Inachosha kidogo, najua.