Mzaha Ulipotumbuka Usaha: Mchango wa Magazeti katika Hasira ya Umma dhidi ya Vichekesho vya Utangazaji

Utangulizi

Jumamosi usiku, tarehe 18 Oktoba 2008, idhaa ya Radio 2 ya shirika la BBC nchini Uingereza ilitangaza kipindi cha vichekesho kilichomdhalilisha mzee wa miaka 78. Katika juma zima lililofuata, wasikilizaji waliolalamika kwa BBC walikuwa wawili tu, na hata hao walilalamikia lugha chafu iliyotumiwa kipindini. Tarehe 26 Oktoba gazeti la Mail on Sunday lilichapisha habari za kisa hicho. Kufikia tarehe 30 mwezi uo huo malalamiko yalikuwa yamepita 27,000, na hatimaye yakapita 40,000.

Tofauti hii kubwa ndiyo kiini cha makala haya. Kipindi kilikuwa kile kile, maneno yale yale. Kilichobadilika ni kwamba kisa kilitoka redioni kikaingia gazetini. Makala haya yanadai kwamba sehemu kubwa ya umma uliokasirika haikuwa hadhira ya kipindi bali hadhira ya gazeti. Matini iliyowakera ilikuwa matini ya pili, iliyotungwa na wahariri kutokana na ile ya kwanza. Kwa mwanafunzi wa fasihi, suala hili linahusu uhusiano wa fanani, matini na hadhira, na ndiyo sababu linastahili kujadiliwa katika jarida la Kiswahili ingawa kisa chenyewe ni cha ughaibuni.

Usuli wa Kisa

Mwenye kipindi alikuwa mchekeshaji Russell Brand, na mgeni wake Jonathan Ross, mtangazaji mashuhuri wa BBC. Walikusudia kumhoji kwa simu mwigizaji Andrew Sachs, aliyejulikana kwa kuigiza Manuel, mhudumu wa hoteli kutoka Barcelona, katika vichekesho vya Fawlty Towers vilivyotangazwa na BBC mwaka 1975 na 1979. Sachs hakupokea simu. Wawili hao wakamwachia ujumbe katika mashine yake ya simu. Katikati ya ujumbe huo Ross alipaza sauti na kutamka, kwa neno la matusi, kwamba Brand alikuwa amelala na mjukuu wa Sachs. Walipiga tena na tena, kila radhi waliyojaribu kuomba ikageuka kuwa mzaha mwingine, hata wakafanyia mzaha uwezekano wa mzee huyo kujitia kitanzi.

Ni muhimu kukumbuka kwamba kipindi hicho hakikuwa cha moja kwa moja. Kilirekodiwa siku kadhaa kabla, kikasikilizwa na wahusika wa BBC, kisha kikaidhinishwa kutangazwa.

Baada ya magazeti kulivalia njuga suala hilo, Waziri Mkuu Gordon Brown na kiongozi wa upinzani David Cameron walitoa kauli za kulaani. Brand alijiuzulu tarehe 29 Oktoba. Siku iliyofuata mkuu wa Radio 2, Lesley Douglas, naye alijiuzulu, na Ross akasimamishwa kazi kwa majuma 12 bila mshahara. Mnamo Aprili 2009 Ofcom, mamlaka inayosimamia utangazaji nchini humo, iliitoza BBC faini ya pauni 150,000.

Msingi wa Uchanganuzi

Mwanasosholojia Stanley Cohen, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1972, alichunguza jinsi magazeti ya Uingereza yalivyoripoti vurugu za vijana katika mji wa pwani wa Clacton mwaka 1964. Alionyesha kwamba vurugu zenyewe zilikuwa ndogo, lakini magazeti yalizitia chumvi, yakatabiri kwamba zingerudi zikiwa mbaya zaidi, na yakaligeuza vazi na jina la kundi kuwa ishara ya uovu. Hali hiyo inaweza kuitwa taharuki ya kimaadili: jamii inampata mhalifu anayebeba hofu zake zote, hata zile asizohusika nazo.

Nadharia ya Cohen pekee haitoshi kueleza vichekesho, kwa kuwa mzaha ni tendo la aina yake. Hapa fasihi simulizi yetu inatoa msaada. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki utani una wenyewe. Babu humwita mjukuu wake mke, na mjukuu akamjibu kwamba hataki mume kibogoyo. Wote wakacheka, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Maneno hayo hayo yakitamkwa na mpita njia, huwa ni tusi. Kinachohalalisha utani ni uhusiano uliopo kati ya msemaji, msemwa na wanaosikiliza. Kwa kipimo hiki mzaha wa Brand na Ross ulikuwa na dosari tangu mwanzo: waliingilia uhusiano wa babu na mjukuu bila ya kuwa watani wa yeyote kati yao. Hata hivyo, kipimo hicho hicho kinalihoji gazeti pia, kwani nalo lilibadilisha mahusiano ya wasikilizaji na mzaha.

Mbinu za Magazeti

Mbinu ya kwanza ni kuhamisha hadhira. Msikilizaji wa Brand usiku wa Jumamosi alikuwa amechagua kumsikiliza. Alijua mtindo wake na alitarajia kushtuliwa. Msomaji wa Mail on Sunday hakuwa amechagua hivyo. Wengi wao walikuwa watu waliomkumbuka Manuel kwa mapenzi na ambao hawakuwa na mazoea ya kumsikiliza Brand. Gazeti liliwapelekea mezani, wakati wa kifungua kinywa, kitu ambacho wasingekitafuta. Hasira yao ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa hasira ya wageni walioletwa katika ngoma isiyo yao.

Mbinu ya pili ni kugeuza sauti kuwa maandishi. Katika redio, maneno huja na kiimbo, kicheko, kigugumizi na haraka. Msikilizaji husikia wakati msemaji anapotambua kwamba amekosea, na husikia pia ukatili pale unapokuwamo. Unukuzi wa gazetini huyaondoa hayo yote. Neno la matusi huwekewa vinyota, na vinyota hivyo huvuta jicho zaidi ya herufi zilizofichwa. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanaufahamu vyema upungufu huu: ngano iliyoandikwa si ngano iliyotambwa. Hapa, hata hivyo, upungufu wa maandishi uligeuzwa kuwa silaha.

Mbinu ya tatu ni kujenga wahusika. Katika masimulizi ya magazeti, Sachs alichorwa kama mzee mpole na kipenzi cha taifa. Sifa hizo alizistahili, lakini ilisahauliwa kwamba umaarufu wake ulitokana na vichekesho ambavyo mhudumu mgeni, asiyejua Kiingereza vizuri, hupigwa na kutukanwa na mwajiri wake. Ross alichorwa kama tajiri mwenye kiburi: iliripotiwa kwamba alilipwa pauni milioni 6 kwa mwaka, katika mwezi ule ule ambao benki za Uingereza zilikuwa zikiporomoka na raia wakihofia ajira zao. Kwa njia hii kisa cha simu kiligeuka kuwa kisa cha fedha za umma, kwa sababu BBC huendeshwa kwa ada ya leseni, ambayo wakati huo ilikuwa pauni 139.50 kwa mwaka kwa kila nyumba yenye televisheni ya rangi.

Mbinu ya nne ni kuhesabu. Baada ya siku ya kwanza, idadi ya malalamiko yenyewe iligeuka kuwa habari. Kila asubuhi idadi mpya ilitangazwa, nayo ikawa mwaliko kwa wengine kulalamika, na malalamiko yao yakazaa kichwa cha habari cha kesho yake. Takwimu ikawa mhusika anayekua. Mbinu hii haikuanza mwaka 2008. Mnamo Januari 2005, kabla BBC haijaonyesha mchezo wa Jerry Springer: The Opera, baadhi ya magazeti yalidai kwamba ulikuwa na maneno ya matusi yapatayo 8,000. Hesabu hiyo ilipatikana kwa kuzidisha kila neno la kiitikio kwa idadi ya waimbaji waliolitamka. Makumi ya maelfu ya watu walilalamika hata kabla ya mchezo kuonyeshwa. Ofcom ilipouchunguza, iliamua kwamba BBC haikuvunja kanuni.

Maslahi na Unafiki

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Mnamo Julai 2001 stesheni ya Channel 4 ilionyesha kipindi maalumu cha Brass Eye, tashtiti ya Chris Morris iliyolenga namna vyombo vya habari vilivyoshughulikia suala la unajisi wa watoto. Magazeti yalikishambulia vikali, na baadhi ya mawaziri wakakilaani bila ya kukitazama. Gazeti la Daily Star lilichapisha makala ya kulaani kipindi hicho ubavuni mwa picha ya mwimbaji Charlotte Church, aliyekuwa na umri wa miaka 15, pamoja na maneno ya kusifia ukuaji wa kifua chake. Ukurasa huo ulithibitisha hoja ya Morris kuliko kipindi chenyewe kilivyoweza.

Katika kisa cha 2008 pia kulikuwa na maslahi. The Sun, mojawapo ya magazeti yaliyoongoza mashambulizi, lilikuwa mali ya kampuni ya Rupert Murdoch, ambayo ilikuwa na hisa kubwa katika BSkyB, mshindani wa BBC katika televisheni. Isitoshe, magazeti yaliyodai kumtetea babu yalichapisha picha za mjukuu wake akiwa katika mavazi ya kazi yake ya jukwaani. Aibu iliyosikiwa mara moja redioni ikasambazwa kwa mamilioni ya wasomaji, siku baada ya siku. Familia iliyotetewa ndiyo iliyozidi kuanikwa.

Je, Magazeti Yalikosea Kuripoti?

Itakuwa ni haki kukiri kwamba bila gazeti huenda kosa hilo lisingeshughulikiwa hata kidogo. Ofcom ilibaini udhaifu mkubwa ndani ya BBC: Sachs alidhalilishwa hewani bila ridhaa iliyothibitishwa, na mtayarishaji wa kipindi alikuwa ameazimwa kwa kampuni ambayo Brand mwenyewe alikuwa na hisa ndani yake. Idadi ndogo ya malalamiko ya mwanzo haimaanishi kwamba hapakuwa na dhuluma. Mtu mmoja akidhulumiwa mbele ya halaiki inayocheka, ukimya wa halaiki hiyo si ithibati kwamba hakudhulumiwa.

Kwa hivyo, lawama ya magazeti haimo katika kuripoti. Imo katika kukuza hasira kupita kipimo cha kosa, hadi swali la msingi likapotea. Swali hilo lilikuwa jepesi: nani alimwomba ruhusa Sachs? Mahali pake pakaingia maswali ya mishahara, ya ada ya leseni na ya adabu za kizazi kizima. Sachs mwenyewe alizipokea radhi alizoombwa, lakini kelele hazikukoma. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Na usaha ukishatumbuka, kazi ya mwenye busara ni kuosha kidonda, si kukitembeza sokoni.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba magazeti hujenga hasira ya umma kwa kuhamisha hadhira, kugeuza sauti kuwa maandishi, kuunda wahusika na kuhesabu malalamiko. Yameonyesha pia kwamba hasira hiyo inaweza kuanzia katika kosa la kweli, na kwamba ukweli wa kosa hauondoi wajibu wa kuchunguza njia iliyotumiwa kulikuza.

Mhakiki wa fasihi anapokutana na kisa cha namna hii anashauriwa kujiuliza maswali matatu kabla ya kutoa hukumu. Kwanza, je, ameisikia au kuitazama matini ya kwanza, au ameipata kwa mkono wa pili? Pili, mzaha ulikusudiwa hadhira gani, na nani aliyeuhamisha? Tatu, nani aliyeumizwa hasa, na je, kelele zinazopigwa zinamfaa au zinamwongezea maumivu? Mwaka 2008 maelfu ya watu walilijibu swali la tatu bila ya kupitia la kwanza. Mzee waliyedai kumtetea ndiye aliyelazimika kuishi na jibu lao.