Kompyuta Inapojizima na Kujiwasha: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua

Kwa mwenye steshenari katika Kata ya Terrat, jijini Arusha, kompyuta inayojizima na kujiwasha yenyewe humpotezea kazi ya mteja ambayo haijahifadhiwa. Wengi hukimbilia kununua kifaa kipya, kisha tatizo hubaki palepale. Tunashauri mtumiaji atafute chanzo kwanza.

1. Weka kumbukumbu. Kwa siku saba, andika saa tatizo linapotokea na kazi iliyokuwa ikifanyika.

2. Chunguza umeme. Umeme wa majumbani nchini ni volti 230. Ukishuka ghafla, kwa mfano jirani anapowasha mashine ya kuchomelea, taa hufifia na kompyuta ya mezani huweza kujizima, ilhali kompyuta mpakato yenye betri nzima huendelea kufanya kazi. Kazi ya kupima volti aachiwe fundi umeme mwenye leseni. Stabilaiza hurekebisha volti lakini haihifadhi umeme. UPS ina betri, hivyo humpa mtumiaji dakika chache za kuhifadhi kazi yake.

3. Chunguza joto. Kompyuta ikijizima baada ya kazi nzito ya muda mrefu, huenda vumbi limeziba njia za hewa. Izime, chomoa waya wa umeme, kisha safisha matundu na feni.

4. Soma ujumbe wa hitilafu. Windows huwa imepangwa kujiwasha upya inapopata hitilafu kubwa, na ujumbe hutoweka kabla ya kusomwa. Ondoa mpangilio huo, kisha nakili ujumbe utakaotokea. Tukio namba 41 katika kumbukumbu za Windows huonyesha tu kwamba kompyuta ilizimika bila kufungwa ipasavyo, halitaji chanzo. Usikubali kununua kifaa kwa sababu ya namba hiyo peke yake.

Unapokwenda kwa fundi, mpe kumbukumbu zako. Mwombe akueleze chanzo na gharama kabla ya kuanza kazi, kisha akupatie stakabadhi pamoja na kifaa cha zamani alichokitoa.

Ikiwa chanzo ni umeme usio imara, wasilisha lalamiko kwa mtoa huduma kwanza, ukiambatisha kumbukumbu hizo, na utunze namba ya lalamiko. Usiporidhika na majibu, lifikishe EWURA.