Kazi ya Miti Huanza Baada ya Kupanda: Taaluma ya Bustani, Miti na Maji

Bustani ya hoteli kisiwani Unguja, miti ya kivuli kando ya barabara za Dodoma na uwanja wa shule mjini Kisumu vinahitaji mtu anayeyajua mambo matatu kwa pamoja: mmea, udongo na maji. Vyuoni mambo hayo hugawanywa katika idara tofauti, lakini kazini humwangukia fundi mmoja. Kwa muda mrefu fundi huyo alihesabiwa kuwa kibarua tu, kijana mwenye fyekeo na mpira wa maji anayelipwa kwa siku. Mtazamo huo umeigharimu sana miji ya Afrika Mashariki. Kila masika miche hupandwa kwa wingi, kiangazi kikiingia hakuna aliyekabidhiwa kuimwagilia, na msimu unaofuata mashimo yaleyale huchimbwa upya. Miaka miwili au mitatu ya mwanzo, kabla mti haujajitegemea, ndiyo yenye kazi nyingi kuliko siku ya kupanda, na hapo ndipo ajira ya kudumu ilipo.

Waajiri ni wengi kuliko inavyodhaniwa: halmashauri za miji, hoteli, viwanja vya ndege, balozi, vyuo vikuu, makaburi yanayotunzwa, migodi inayolazimika kurudisha ardhi iliyochimbwa katika hali nzuri, na familia zenye nyumba na viwanja. Taaluma yenyewe si ngeni katika eneo hili. Bustani ya mimea ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1893 wakati wa utawala wa Wajerumani, kituo cha Amani katika milima ya Usambara kikafuata mwaka 1902, na Arboretum ya Nairobi mwaka 1907. Zote tatu zilianza kama mahali pa kujaribu mti gani utakubali wapi. Swali hilo bado ndilo la kwanza kwa kila anayeanza kazi hii, na anayelipuuza hupoteza fedha za mteja.

Jibu zuri la swali hilo linaonekana Bamburi, kaskazini mwa Mombasa. René Haller, mtaalamu wa kilimo mzaliwa wa Uswisi, aliajiriwa na kiwanda cha saruji cha hapo mwaka 1959 kusimamia bustani: kupendezesha mazingira ya kiwanda na kulima mboga na matunda kwa ajili ya wafanyakazi. Machimbo ya chokaa ya matumbawe yalikuwa yakiacha nyuma sakafu ya mwamba mtupu, yenye joto kali, na maji yaliyokuwa karibu na uso wake yalikuwa na chumvi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Haller alijaribu aina 26 za miti juu ya mwamba huo. Zilizostahimili ni tatu tu: mnazi, mvinje, na Conocarpus, mti wa asili ya Somalia. Mvinje hujipatia nitrojeni kwa msaada wa vijidudu vinavyoishi katika mizizi yake, ndiyo maana uliweza kukua pasipo na udongo. Majani yake membamba kama sindano, hata hivyo, yalikuwa yakianguka na kulundikana bila kuoza. Wakaletwa jongoo. Jongoo walikula majani hayo, kinyesi chao kikawa mboji, mboji ikashika unyevu, na miti ya aina nyingine ikapata pa kushikia mizizi. Mwaka 1984 eneo lilifunguliwa kwa wageni, na leo linajulikana kama Haller Park. Anayetaka kuielewa taaluma hii angefanya vyema kuanzia hapo kabla ya kufungua kitabu.

Kwenye kiwanja cha kawaida, uchunguzi kama huo hufanywa kwa koleo na ndoo. Fundi huchimba shimo la majaribio, hujaza maji na kuangalia yanavyonywea. Katika viwanja vipya vya mijini, chini ya tabaka la udongo mzuri uliomwagwa juu hukutwa kifusi, mabaki ya zege na ardhi iliyoshindiliwa na malori. Maji yakibaki shimoni hadi kesho yake, mizizi itakosa hewa na kuoza, hata kama juu ya ardhi mti unapewa kila kitu. Dawa yake ni kuvunja tabaka hilo gumu, kupanda juu ya tuta, au kuchagua mti unaovumilia maji. Kumwaga samadi nyingi ndani ya shimo hakusaidii. Samadi ikioza hushuka, na mti huzama pamoja nayo.

Mche nao hukaguliwa kabla ya kununuliwa. Miche mingi hukaa kitaluni muda mrefu mno, na mizizi hujizungusha ndani ya kiriba hadi kusokotana. Ukipandwa hivyo, mti hukua vizuri miaka kadhaa, kisha mizizi ileile hunenepa na kujinyonga shingoni, au upepo huangusha mti ambao juu ulionekana imara. Fundi makini huchana kiriba, hunyoosha mizizi iliyozunguka au huikata kwa mkasi, na hukataa mche ambao mzizi wake mkuu umepinda. Shimo huwa pana mara mbili au tatu ya kiriba lakini halizidi kimo chake, ili mahali shina linapoanza kutanuka kuwa mizizi pabaki usawa wa ardhi. Matandazo ya nyasi kavu au majani, unene wa sentimita 5 hadi 10, huwekwa kuzunguka mti bila kugusa shina. Kwenye nchi kavu sehemu hiyo huachwa kama beseni, ili kila tone lielekee ndani.

Adui mkubwa wa miti ya mijini siku hizi ni pevingi. Tofali za zege hupangwa hadi kwenye gome la mwembe au mkungu uliokuwa na afya, mvua yote ikakimbilia mtaroni, na mizizi ikakosa maji na hewa kwa pamoja. Mti hauanguki mwaka huo. Hukauka ncha za matawi kwanza, na mwenye nyumba hutafuta dawa ya wadudu. Mtaalamu anayefahamu chanzo atamshauri aondoe tofali kadiri inavyowezekana chini ya kivuli cha mti, na ushauri huo una thamani kuliko dawa yoyote dukani.

Utunzaji wa miti mikubwa ni fani ndani ya fani. Msingi wake wa kisasa uliwekwa na Alex Shigo (1930–2006), mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani, aliyepasua maelfu ya miti kwa msumeno wa mnyororo ili aone jeraha linaendaje ndani ya mbao. Aligundua kwamba mti hauponyi kidonda kama mwili wa mnyama unavyofanya. Hukizungushia ukuta, ukaacha sehemu iliyooza ndani na kuendelea kukuza mbao mpya nje. Kutokana na hilo, kupaka rangi au lami juu ya mkato hakuzuii kuoza, na kukata tawi sawasawa na shina hadi pawe laini ni kuuvunja ukuta ambao mti ungeutumia kujikinga.

Tawi zito, kwa hiyo, hukatwa kwa mikato mitatu. Mkato wa kwanza hupigwa upande wa chini wa tawi, kama sentimita 30 kutoka shinani, na huishia theluthi moja ya unene wake. Wa pili hupigwa upande wa juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza. Tawi likianguka, mkato wa chini hulizuia lisichune gome la shina. Kisiki kilichobaki huondolewa kwa mkato wa tatu, unaopita nje tu ya uvimbe mdogo ulio pale tawi linapochipuka. Uvimbe huo ni sehemu ya shina, nao ndio utakaolifunika jeraha. Ukiachwa mzima, baada ya misimu michache huonekana pete ya gome jipya ikisogea kutoka kila upande.

Kinyume cha haya ni kuukata mti kichwa, jambo linalofanywa sana kwa mijohoro na miarobaini iliyo chini ya nyaya za umeme. Machipukizi yanayofuata huwa mengi, marefu na yasiyoshikana vyema na shina, hivyo mti unaopunguzwa kwa ajili ya usalama huwa hatari zaidi baada ya miaka michache. Chini ya nyaya panafaa miti mifupi tangu mwanzo. Pale ambapo mti mrefu tayari upo, matawi huondolewa moja moja kutoka kwenye chanzo chake. Mkata miti hufunga kamba na mkanda wa usalama, huvaa kofia ngumu na miwani, huwa na mwenzake chini, na hapandi kabisa mti unaokaribia waya kabla shirika la umeme halijazima njia hiyo. Kufanya kazi na msumeno wa mnyororo ukiwa juu ya ngazi ni jambo la kukataa hata mteja akiongeza malipo.

Upande wa maji, taaluma huanza na hesabu rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Dodoma hupata takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Paa la mita za mraba 100, hata likipoteza sehemu ya tano ya mvua hiyo, huteremsha zaidi ya lita 40,000. Ugumu ni kuyahifadhi. Tangi la lita 5,000 likitumika kumwagilia ukoka wa mita za mraba 50, unaotumia kama milimita 4 kwa siku wakati wa kiangazi, hutoa lita 200 kila siku na kukauka baada ya siku 25. Tangi hilohilo, likitumika kwa miche 10 inayopewa lita 20 kila mmoja mara moja kwa wiki, hudumu wiki 25. Mbunifu wa bustani anayemwekea mteja hesabu hizi mezani mapema humwepusha na zulia la majani mabichi litakalokufa Agosti. Nyasi hubaki mahali panapochezewa na watoto. Kwingine huwekwa miti, vichaka vinavyovumilia ukame na matandazo.

Namna ya kumwagilia ina uzito uleule. Maji kidogo kila asubuhi hulowesha sentimita chache za juu na kufundisha mizizi kukaa hapo hapo, mahali pa kwanza kukauka. Maji mengi, polepole, mara moja kwa wiki, hushuka na mizizi huyafuata. Mirija ya matone hufaa kwa sababu hiyo, na tangi likiinuliwa mita 1 au 2 juu ya ardhi huweza kuiendesha bila pampu, ila chujio lazima liwepo na lisafishwe, kwani vitundu huzibwa na mchanga na mwani. Pwani lipo jambo la ziada: maji ya visima vingi yana chumvi, na kipima chumvi kidogo cha mkononi kinapaswa kuwa mfukoni mwa kila fundi. Mnazi, mvinje na mtende huvumilia, mparachichi hauwezi. Maji ya kufulia na kunawia hufaa kwa miti, hayafai kwa mboga zinazoliwa mbichi. Huko Muscat, bustani za kando ya barabara kuu hunyweshwa maji taka yaliyosafishwa, njia ambayo hoteli za pwani ya Afrika Mashariki zina kila sababu ya kuifuata.

Anayefanya kazi karibu na mto au ziwa anahitaji pia kuifahamu sheria. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 huzuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na bustani yenye ukuta na njia za zege ndani ya eneo hilo inaweza kubomolewa.

Njia za kuingia ni kadhaa. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, Juja, hutoa shahada za kilimo cha bustani. Juja pia hufundishwa usanifu wa mandhari. Tengeru na Olmotonyi, vyote karibu na Arusha, vina vyuo vya ngazi ya cheti na diploma, cha kwanza kwa kilimo cha bustani na cha pili kwa misitu. Chuo cha Maji, Dar es Salaam, huandaa mafundi wa maji. Kwa wakata miti wanaotaka kutambulika nje ya nchi, kipo cheti cha International Society of Arboriculture, chama kilichoanzia Marekani mwaka 1924: mtahiniwa huonyesha uzoefu wa miaka mitatu au elimu inayochukua nafasi ya sehemu ya uzoefu huo, hufanya mtihani, kisha huhuisha cheti kila baada ya miaka mitatu. Cheti, hata hivyo, hakimfundishi mtu kutambua kwa macho mti wenye kiu na ule uliozama maji, kwa kuwa majani ya yote miwili hunyauka. Hilo hupatikana kitaluni. Mwaka mmoja wa kuotesha mbegu, kuhamisha miche na kuhesabu iliyokufa ni mwanzo bora kwa msomi na asiyesoma.

Baada ya hapo riziki hutegemea mkataba. Kazi ya siku moja ya kupanda hulipa mara moja, mkataba wa matunzo wa miaka miwili hulipa kila mwezi, na mteja hufaidi zaidi kwa sababu miti yake inaishi. Mkataba mzuri hutaja idadi ya ziara kwa mwezi, nani analeta maji na kiasi gani, nani analipia mbolea, na kupogoa kutafanyika lini. Daftari huandamana nao: jina la mti, tarehe ulipopandwa, maji uliyopewa, ugonjwa ulioonekana. Daftari hilo ndilo huamua ugomvi. Mche ukifa kwa kukosa maji ambayo mteja aliahidi kuyaleta, mteja hununua mwingine. Ukifa kwa mizizi iliyopandwa ikiwa imesokotana, fundi huung'oa na kupanda upya kwa gharama yake.