Msafara wa Imbalu: Majibu kwa Maswali ya Majirani

Kila mwaka shufwa, kama 2024 na 2026, ngoma za kadodi hurindima Mbale na vijiji vyake. Kwa wakazi wa mji wa Nagongera, wengi wao Wajopadhola, ambao mila zao hazina jando, msafara wa vijana wanaokwenda kutahiriwa huzua maswali. Majibu ni haya.

Imbalu ni nini?
Ni jando la Wamasaba (Wagisu) wa Mlima Elgon. Ndugu zao Wabukusu wa Bungoma, Kenya, nao hutahiri mwaka huohuo. Upande wa Uganda, msimu hufunguliwa Agosti katika uwanja wa Mutoto, karibu na Mbale. Masimulizi husema babu yao Masaba alitahiriwa ili amwoe Nabarwa, binti wa Kikalenjin.

Kwa nini vijana huzunguka mitaani?
Wanauaga utoto mbele ya jamaa zao. Wakipita nyumba hadi nyumba, hupokea zawadi, nasaha na baraka. Kwa Wabukusu, mjomba humchinjia mpwa wake na kumvika ukanda wa nyama shingoni.

Mapambo yana maana gani?
Njuga za mapajani hutoa mdundo na kutangaza kwamba mtahiriwa anapita. Ngozi ya mbega na shanga ni vazi la heshima. Kimea cha wimbi hupakwa mwilini wakati pombe ya sherehe ikitengenezwa. Tope hupakwa mwishoni kabisa, kijana anapokwenda kusimama mbele ya ngariba bila kutikisika.

Je, jirani anaweza kujiunga?
Ndiyo. Cheza, shangilia, toa zawadi. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Dereva, punguza mwendo.

Afya italindwaje?
Kisu kimoja kwa kijana mmoja. Damu isipokoma, au homa na usaha vikitokea, mpelekeni kituo cha afya mara moja. Tohara humpunguzia mwanamume uwezekano wa kuambukizwa VVU na mwanamke kwa takriban asilimia 60, lakini haikingi kabisa; kondomu bado inahitajika.

Naweza kulazimishwa kutahiriwa?
Hapana. Heshima ya imbalu hutokana na kijana kujitoa mwenyewe. Kumkamata mtu na kumkata kwa nguvu ni uhalifu. Ibara ya 24 ya Katiba ya Uganda inakataza kumtendea mtu yeyote ukatili au kumdhalilisha. Ukitishwa, mwarifu mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) au polisi mapema, na usikubali kesi kama hiyo imalizwe kimyakimya.