Somo la Kikundi: Tutembeleane Bustanini



Wengi wetu tuna bustani ndogo ya mboga karibu na jikoni. Kuna sukuma wiki, terere, managu, saga na kunde, pengine na vitunguu vichache ndani ya gunia. Lakini kila mtu analima peke yake nyuma ya ua lake. Mboga za mmoja zikiliwa na wadudu, jirani hana habari. Na yule aliyepata njia ya kuwazuia hajui kwamba kuna anayemhitaji. Katika somo hili tutajifunza kutembeleana, ili furaha ya bustani moja iwafikie wote, na ugonjwa wa bustani moja usiwafikie wote.

1. Pangeni zamu

Fanyeni kama vile mnavyofanya na mchango wa zamu: kila mwezi bustani moja. Nendeni asubuhi, kabla ya jua kali. Saa moja na nusu yatosha.

Mwenyeji asikeshe aking'oa magugu ati kwa sababu wageni wanakuja. Bustani iliyopambwa kwa ajili ya wageni haifundishi mtu. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Atapona vipi kama ameficha kidonda?

2. Mwenyeji aonyeshe mambo matatu

(a) Kinachomfurahisha. Usione haya kujisifu kidogo! Kama managu yako ni mazito na meusi, waambie wenzako uliweka samadi kiasi gani na ulipanda lini.
(b) Kilichomshinda. Pengine miche inakatwa usiku. Fukueni mchanga karibu na shina lililokatwa; mkipata kiwavi mnene aliyejikunja, huyo ni sota. Mwueni papo hapo.
(c) Anachojaribu. Kwa mfano, tuta moja limefunikwa kwa nyasi kavu na lingine liko wazi. Wageni watie kidole mchangani waone ni lipi lenye unyevu.

Inafaa kila mmoja awe na daftari. Andika siku ya kupanda, siku ya kuchuma mara ya kwanza, na pesa ambazo hukutumia sokoni kwa sababu mboga ilitoka nyumbani. Shilingi chache kila siku huonekana ni kitu kidogo, lakini zijumlishe kwa mwezi utashangaa.

Wageni nao waulize bila kuhukumu. Badala ya kusema, "Mama, mbona umepanda vibaya?" sema, "Hapa ulifanyaje?"

3. Kupeana mbegu

Zawadi nzuri ya kumpelekea mwenyeji ni mbegu. Za kienyeji ni rahisi kutayarisha:

- Managu: chuma matunda yaliyoiva kabisa, yaponde ndani ya maji. Mbegu nzuri huzama. Mwaga maganda, osha mbegu, zianike kivulini.
- Saga: chuma maganda yakianza kugeuka manjano, kabla hayajapasuka na kumwaga mbegu.
- Kunde: acha maganda yakauke, pukuchua, kisha changanya mbegu na majivu yaliyopoa ili wadudu wasizitoboe.

Kabla ya kumpa mtu, jaribu kwanza. Weka mbegu 10 ndani ya kitambaa chenye unyevu, uchungulie kila siku. Zikiota 7 au zaidi, hizo ni za kupeana. Zikiota 3, usimpotezee mwenzako msimu.

Wengine wamekuwa wakiogopa kupeana mbegu kwa sababu ya sheria iliyorekebishwa mwaka 2012. Hiyo iliweka adhabu ya faini ya hadi shilingi milioni 1 au kifungo cha hadi miaka 2. Wakulima walienda kortini, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu vilivyowazuia kuweka na kubadilishana mbegu zao ni kinyume cha Katiba.

4. Tusipeane ugonjwa

Hapa tuwe waangalifu sana. Kuna mnyauko wa bakteria, ambao hushika nyanya, viazi, pilipili na biringani. Hata managu ni ya jamii hiyo. Mmea hunyauka ghafla majani yakiwa bado ya kijani, hata kama mchanga una maji.

Ukishuku, kata kipande cha shina karibu na ardhi, ukining'inize ndani ya glasi ya maji safi. Ngoja dakika chache. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye shina, ni huo ugonjwa. Dawa ya kuuponya haipo, na hukaa mchangani miaka mingi. Hubebwa na miche, viazi vya mbegu, majembe, na matope ya viatu. Kwa hivyo:

- Usitoe miche wala viazi vya mbegu kutoka bustani hiyo, hata kwa ndugu yako.
- Ng'oa mimea iliyonyauka uichome. Usiitupe kwenye mboji.
- Osheni viatu na majembe kabla ya kwenda bustani nyingine.
- Sehemu hiyo panda mahindi, kunde au sukuma wiki.

Mwenye bustani akisema wazi kwamba ana mnyauko, asichekwe. Amewaokoa wengine wote.

5. Onjeni

Msiondoke bila kuonja. Si lazima chai na mandazi. Chumeni kidogo cha kila mboga, mpike pamoja. Mmoja ataweka maziwa kwenye managu, mwingine atachanganya kunde na mrenda. Kijana anayedharau mboga za kienyeji akionja iliyopikwa vizuri, kesho ataomba mbegu.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni mboga gani ya zamani imepotea kijijini kwetu? Nani bado ana mbegu zake?
2. Kwa nini watu huficha bustani ikiharibika? Kikundi kifanye nini ili wasiogope?
3. Ni nani atatukaribisha kwanza, na tarehe gani? Andikeni jina lake kabla ya kufunga mkutano.